Moshi Ndani ya Maziwa

Kinuthia alikuwa amelala chali juu ya zulia la hoteli, viganja vyote viwili vimefunika uso, akilia kama mtoto aliyeunguzwa na uji. Inspekta Nasirumbi alikuwa ameambiwa kwenye simu kwamba kuna mtu amekufa Chaka. Akatoka Nyeri mbio, amejiandaa kukuta maiti, na sasa alisimama mlangoni akimtazama mtu mzima aliye hai akigaagaa miguuni mwa wenzake.

"Pua yangu," Kinuthia alilia. "Wameniulia pua."

Mtu mwingine angecheka. Nasirumbi hakucheka, kwa sababu alipoinama na kuitoa mikono ya mzee yule usoni, aliona ngozi ya puani imebabuka na kuvimba, na damu nyembamba ikimchuruzika hadi kwenye masharubu. Gari la wagonjwa lilimchukua likampeleka Nyeri. Watu wakabaki wamesimama wakiiangalia meza.

Ilikuwa meza ndefu yenye sinia za mbao. Kila sinia lilikuwa na kadi ya jina la mwenyewe na safu ya glasi ndogo zenye matumbo, kila glasi imefunikwa kifuniko cha kioo ili harufu isitoroke. Walijiita Chama cha Pua. Walikutana katika hoteli hii ya Mutahi, wakafunika chupa zisionekane majina, wakaonja wiski za kutoka Scotland, Japani, India, Taiwani na kwingineko ambako hakuna aliyekuwa amewahi kufika, kisha kila mmoja akatoa alama zake kwa mia.

Kati yao Kinuthia ndiye aliyekuwa mfalme. Alikuwa meneja wa benki mstaafu mwenye pua kubwa na sauti kubwa zaidi. Alama zake alizitangaza mtandaoni, na waagizaji wa Nairobi walizisubiri kabla ya kuagiza kreti moja. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa mpaka akapiga marufuku jagi la maji mezani. Juzi tu alikuwa ameletewa mwaliko wa kwenda Scotland kuketi na majaji wa dunia nzima, na tangu siku hiyo hakuwa ameacha mtu apumue.

Nasirumbi alivaa glavu, akaisogelea glasi ya mwisho kwenye sinia la Kinuthia. Ndani mlikuwa na kioevu cha kahawia. Alinusa kwa mbali, akakohoa machozi yakimtoka. Aliijua harufu hiyo. Ilikuwa dawa ya kusafishia zizi la ng'ombe, ile kali inayouzwa kwa wafugaji, na haikuwa imechanganywa hata tone la maji.

"Chukueni alama za vidole kwa kila glasi," aliwaambia maafisa wake. "Na vifuniko. Juu na chini."

Kisha akamwita mwenye hoteli. Mutahi alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye jasho la mtu anayejua atakavyotazamwa.

"Nani alimimina?"

"Watiri. Yeye ndiye hufanya kazi ya baa. Alimimina asubuhi, akafunika, akafunga pazia. Sisi tuliingia baada ya chakula ya mchana."

"Mlango ulifungwa kwa ufunguo?"

"Hapana. Nani ataiba wiski kwa glasi na chupa ziko?"

"Wewe asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nanyuki, kuleta nyama. Uliza mwenye kichinjio."

"Kinuthia asipoenda Scotland, nani anaenda?"

Mutahi alijipangusa shingo. "Mimi," akasema.

"Unamwonea wivu?"

"Madam, kwa hii meza kila mtu anamwonea wivu. Mimi nikinusa wiski ya kisiwani nasema inanuka moshi. Yeye anasema inanuka jikoni ya hospitali ya misheni siku mvua imeanza. Halafu unanusa tena, unaona ati ni kweli. Sasa utafanya nini na mtu kama huyo?"

"Na pua hiyo ilishindwaje kusikia dawa ya zizi mapema?"

"Hapo ndipo mtu alifikiria sana," Mutahi alisema, na sauti yake ikashuka. "Glasi ya mwisho ilikuwa ya kisiwani, huko Scotland. Shayiri yao wanakausha na moshi ya udongo wa kinamasi. Inanuka lami, inanuka dawa ya kidonda. Ndiyo uzuri yake. Ukifungua kifuniko usikie dawa, huogopi. Unasema ndiyo hii sasa, unaingiza pua yote. Na Kinuthia huingiza mpaka ncha iloe."

Basi aliyefanya hivi aliijua wiski, na alimjua Kinuthia anavyoinusa. Nasirumbi aliandika hilo kichwani, akamwita Watiri.

Msichana aliingia na aproni yake nyeusi, macho mekundu. Ndiye aliyemimina, ndiye aliyefunika, na bila shaka vidole vyake vingekuwa kila mahali. Alijua hivyo kabla ya kuambiwa.

"Uliacha chumba hiki na nani?"

"Na hakuna mtu, Madam. Nilirudi baa kuhesabu soda."

"Wanasema wewe na Kinuthia mko pamoja."

"Wanasema." Watiri alimtazama usoni. "Mzee ananifunza kunusa. Ananipatia maneno. Kama ile wiski ya Japani, mimi nilisema inanuka maua. Akaniambia usiseme maua, hiyo ni lugha ya watu wa sabuni. Sema chai ya Kangari iliyochumwa baada ya mvua ya kwanza. Nikanusa tena, nikaisikia kabisa. Mimi sijawahi hata kufika Kangari."

"Na ulikuwa unapata nini?"

"Alisema akirudi kutoka Scotland atanitafutia kazi Nairobi, kwa wale wanaleta chupa. Sasa niambie, nitachoma pua yenye itanitoa hapa?"

Lilikuwa swali zuri, lakini mkuu wa upelelezi wa Nyeri hakulipenda. Kwake mambo yalikuwa mepesi: aliyemimina ndiye aliyetia. Alitaka msichana alale ndani na afikishwe mahakamani Jumanne. Watiri alipofungwa pingu hakupiga kelele.

"Madam," alisema tu, "hata korti ikiniachilia, nani atakubali nimimine glasi yake tena?"

Kazi ya kumiminia watu ni kazi ya kuaminiwa, na uaminifu ukishamwagika hauzoleki. Nasirumbi alikuwa na hadi Jumanne kumtafuta aliyemmwagia msichana yule wake.

* * *

Jumapili baada ya misa alienda kumwona mke wa Kinuthia. Nyumba yao ilikuwa nje kidogo ya Chaka, yenye ua wa miiba ya kei-apple na zizi safi la ng'ombe wa maziwa. Mwenye nyumba, Wakiuru, watu walimwita Mama Ngendo kwa jina la binti yake aliyeolewa Mombasa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyevaa sweta ya buluu na kitambaa cha kanisani.

"Karibu, Madam. Nimetoka tu hospitali. Amefungwa bandeji uso yote. Daktari anasema ile ngozi ya ndani, yenye husikia harufu, imeungua. Inaweza kurudi kidogo, inaweza kosa kurudi."

"Pole sana, Mama Ngendo."

"Ni ya Mungu." Akaenda jikoni kupika chai.

Ukutani palikuwa na picha yake ya zamani. Alivaa koti jeupe, kijiko mkononi, mbele ya safu ndefu ya vikombe vya chai. Aliporudi na birika, Nasirumbi alimwuliza.

"Nilikuwa mwonja chai," Wakiuru alisema. "Huko Kangari, kwa kiwanda. Chai yote kabla haijaenda mnada ilipitia kwa hii mdomo."

"Ukaacha?"

"Nilichoka. Nikaona nifuge."

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Karatina. Nilienda soko asubuhi na mapema kutafuta majani ya ng'ombe na mbegu ya viazi. Maziwa ya hoteli nikatuma na mtu wa pikipiki. Nikapigiwa simu mchana nikiwa huko huko."

"Unadhani ni nani?"

Wakiuru alimimina chai taratibu bila kumwaga tone. "Mimi sisemi ni nani. Lakini msichana wa baa akianza kuongea kama bwana yako, neno kwa neno, wewe utafikiria nini? Mfunge tu."

Nasirumbi alikunywa. Chai ilikuwa nzito, tamu, na ndani yake mlikuwa na moshi. Alifumba macho kidogo. Kwao, chini ya Mlima Elgon, maziwa yalikaa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa kijinga cha moto, na chai isiyo na ladha ya moshi nyanya yake aliiita maji ya kuoshea miguu. Miaka yote aliyofanya kazi Nyeri hakuwa ameonja kitu kama hicho.

"Iko aje?" Wakiuru aliuliza.

"Tamu. Imenikumbusha nyumbani."

Wakiuru alimtazama kidogo, kama anayetaka kuuliza, akaacha. Nasirumbi akamaliza kikombe na kuongezewa kingine.

* * *

Jioni hiyo ofisini walimkatia keki Chris Oloo. Oloo alikuwa amepandishwa cheo kuwa Inspekta Mkuu na alikuwa anahamia makao makuu Nairobi. Nasirumbi ndiye aliyempokea akiwa kijana asiyejua kushika kalamu mbele ya mshukiwa. Ndiye aliyemfundisha kunyamaza baada ya swali, kumwacha mtu aogope kimya chake mwenyewe. Sasa Oloo alisimama akawashukuru wakubwa, akamshukuru Mungu, akamshukuru mkewe, na akasema siri ya kazi hii ni kujua kunyamaza.

Watu walipiga makofi. Nasirumbi alipiga pia, na wivu ukampanda kifuani. Hakumwonea Oloo wivu kwa cheo. Wapo waliopanda vyeo kwa ujomba na hakuwahi kupoteza usingizi kwa ajili yao. Alimwonea kwa sababu sentensi ile ilikuwa yake.

Alirudi mezani kwake na kipande cha keki kwenye karatasi, akakaa akikitazama. Mutahi alikuwa na wivu, lakini wivu wa Mutahi ulikuwa wa wazi, wa mtu anayekiri mwenzake amemshinda, na wivu wa namna hiyo haumchomi mtu pua. Aliyefanya hivi hakutaka kwenda Scotland. Hakuiba chupa, hakuharibu mwaliko. Alienda moja kwa moja puani.

"Mwalimu," Oloo alimwita kutoka mlangoni. Ndivyo alivyomwita siku zote, nusu utani. "Umetoroka sherehe yangu?"

"Niko na mshukiwa ambaye sio mshukiwa."

"Fundi wa alama za vidole amekutafuta. Kifuniko cha ile glasi, upande wa chini, kina kidole kisicho cha Watiri. Wala cha wale wa meza."

"Cha nani?"

"Hajui. Leta mtu, atakulinganishia."

* * *

Asubuhi iliyofuata Nasirumbi alirudi hotelini kuchunguza ni wapi dawa ile ingeweza kupitia. Alipitia mlango wa jikoni. Mpishi, mama mmoja mwenye hasira, alikuwa akimwaga maziwa kwenye sinki.

"Mbona unamwaga?"

"Imeharibika. Tangu jana. Wateja wanarudisha chai, wanasema tumepika na kuni mbichi. Na sisi tunatumia gesi."

Nasirumbi alisogea. Harufu ilikuwa ile ile. "Si ni moshi tu? Nyinyi hamfukizi vyombo vya maziwa?"

Mpishi alimtazama kama anayemwonea huruma. "Madam, huko kwenu labda. Huku hakuna mtu anaweka maziwa moshi. Na huu mtungi ni wa chuma, utafukizwa aje?"

Nasirumbi alisimama akiwa ameduwaa. Vikombe viwili alikunywa, akasifu, akakumbuka nyanya yake. Nyumba ile haikuwa hata na jiko la kuni. Jana alikuwa ameona kwa macho yake bomba la gesi ya samadi likitoka zizini kuingia jikoni. Angekuwa mtu wa Nyeri angeitema chai ile kwa mshangao.

"Maziwa haya ni ya nani?"

"Si ni ya Mama Ngendo. Ndiye hutuletea kila siku."

"Niitie Mutahi."

Mutahi alikuja akiwa bado anafunga vifungo vya shati. Nasirumbi alimpa kikombe cha maziwa bila kumwambia neno. Mtu yule mnene akainamisha kichwa, akanusa mara moja, akanusa tena kwa tundu moja la pua, na uso ukampauka.

"Hii si moshi ya kuni," alisema. "Hii ni ya kisiwani. Ile ya Jumamosi. Niliagiza hiyo chupa mwenyewe kutoka nje, na ilifunguliwa Jumamosi asubuhi. Imefika aje kwa maziwa?"

Nasirumbi alikuwa amekwisha kuiona njia yake. Anayetia dawa ndani ya glasi yenye wiski lazima kwanza amwage wiski. Hamwagi sakafuni penye zulia, wala hatoki na glasi mkononi. Anamwaga ndani ya chombo alichokuja nacho, chombo ambacho hakuna mtu atakitazama mara mbili.

"Jumamosi maziwa yaliletwa na nani?" alimwuliza mpishi. "Mtu wa pikipiki?"

"Pikipiki gani? Alileta mwenyewe. Akapitisha kwa store, hapo kando ya chumba cha kuonja, kama kawaida, akatoka na mtungi wake."

"Tuliuliza ni nani aliingia asubuhi hiyo. Kwa nini hukusema?"

"Mliuliza mgeni ni nani aliingia," mpishi alijibu. "Mama Ngendo si mgeni."

Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja, na Nasirumbi alikitafakari njia nzima akiwa na Oloo kando yake. Mtu aliyemwaga wiski ya moshi ndani ya mtungi angeusugua kwa majivu mpaka ung'are. Wakiuru aliusuuza kwa maji, akakamulia humo, akauzia hoteli, akampikia chai mpelelezi. Mwonja chai wa kiwanda kizima. Ama alikuwa na roho ngumu kupita kiasi, ama hakujua.

* * *

Walimkuta uani akianika ndoo. Nasirumbi hakumwambia lolote. Alimimina maziwa ya hoteli ndani ya kikombe, akampa.

"Mama Ngendo, nisaidie. Hebu nusa."

Wakiuru alikipokea. Alikipeleka puani kwa ufundi ambao mikono haisahau, akakizungusha kidogo, akavuta pumzi fupi fupi. Kisha akasema, "Iko sawa. Ni ya asubuhi. Ng'ombe amekula majani ya napier."

"Ni ya jana. Na wateja wameirudisha."

"Basi imechacha kidogo."

Nasirumbi alinyamaza. Oloo naye akanyamaza. Kuku akapita katikati yao. Wakiuru alinusa tena, safari hii kwa muda mrefu, macho yamefumbwa, na kikombe kikainama mpaka maziwa yakamwagikia sweta.

"Sisikii kitu," akasema.

"Ina moshi, Mama Ngendo. Mtungi wako una wiski ya glasi ya mwisho. Kila mtu Chaka amesikia, isipokuwa wewe."

Mama yule aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Wazee husema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema ni vigumu kiasi gani kukijua ikiwa huwezi kukinusa.

"Huna lazima ya kusema neno," Nasirumbi alimwambia. "Ukitaka kukiri, sheria hainiruhusu mimi kuandika, kwa sababu mimi ndiye nimepeleleza. Ataandika Inspekta Mkuu Oloo. Na una haki ya kuwa na mtu wako au wakili."

"Mtu wangu ni nani? Yuko hospitali na bandeji." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Aandike."

Walimpeleka Nyeri. Mbele ya Oloo, na dada yake mdogo akiwa shahidi, Wakiuru alikiri. Nasirumbi alikaa nyuma ya chumba. Jina lake halingekuwa kwenye karatasi ile, na hilo liliuma, lakini alitaka kusikia.

"Ilipotea na korona," Wakiuru alisema. "Wengine walirudishiwa. Mimi sikurudishiwa. Kwa kiwanda nilikuwa nakisia. Naangalia rangi ya chai, nasema tu. Halafu nikapitisha chai imeungua. Nikaacha kabla wanifukuze. Nikawaambia nimechoka."

"Bwana yako hakujua?" Oloo aliuliza.

"Nilingoja ajue. Ile pua yote. Nilisema, huyu anajua wiski ya Japani na ya India akiwa amefunga macho, atajua bibi yake amekuwa aje. Niliunguza githeri mara ngapi. Alisema tu siku hizi nimekuwa mzembe."

"Wiski alijifunza wapi?"

Hapo Wakiuru aliinua kichwa. "Kwangu. Alikuwa mtu wa benki, hajui hata chai baridi na chai moto. Mimi ndiye nilimfunza kuvuta pumzi fupi. Mimi nilimwambia usiseme maua. Chai ya Kangari baada ya mvua ya kwanza, hiyo ni yangu. Nilikuwa nasimama hapo kwa dirisha la kiwanda naisikia ikiingia. Jikoni ya hospitali ya misheni ni yangu, nilimzaa Ngendo huko. Yote ni yangu. Alichukua moja moja, akaenda kutangaza kwa simu, watu wanasema ati huyu mzee ni mshairi."

Dada yake alimshika bega, lakini Wakiuru alilitoa.

"Kila jioni ananiletea glasi. Nusa hii, Mama Ngendo. Mimi nakisia, yeye ananisahihisha. Halafu siku moja nimepeleka maziwa, nikasikia wako kwa meza. Mtu akamwuliza, si bibi yako ndiye alikuwa mtaalamu? Akasema, alikuwa na pua, sasa amebaki na mdomo. Wakacheka wote. Na yule msichana alikuwa amesimama hapo na chupa, na akasema ile wiski inanuka chai ya Kangari."

"Ukamwonea wivu Watiri," Oloo alisema.

"Nilimwonea wivu mpaka nikaona giza. Si kwa bwana. Bwana achukue. Alikuwa anaisikia. Chai yangu, anaisikia yeye, na mimi nimebaki na jina yake tu mdomoni. Niliweka dawa kwa sinia ya mzee na nikajua msichana atafungwa. Nilitaka hivyo pia. Andika."

Oloo aliandika. Kidole cha Wakiuru kililinganishwa na kile cha chini ya kifuniko, kikawa chenyewe. Mtungi ulitiwa muhuri ukapelekwa kwa Mkemia wa Serikali. Watiri aliachiliwa mchana huo, na Mutahi mwenyewe alikuja kumchukua kwa gari. Mbele ya kituo kizima alimpa chupa ya maji, akamwomba amfungulie na kummiminia, kisha akainywa yote. Hapo ndipo msichana alipolia.

* * *

Nasirumbi ndiye aliyetumwa kumwambia Kinuthia. Alimkuta ameketi kitandani, uso umefungwa, sinia la chakula halijaguswa. Alimweleza yote bila kuficha, hata lile neno la pua na mdomo. Alitarajia atukane, au aulize atafungwa miaka mingapi, au kama Scotland wanaweza kuahirisha.

Mzee alilisukuma sinia kando. "Tangu lini?" akauliza. "Tangu lini hasikii?"

"Tangu korona, Mzee."

Kinuthia aligeuza uso ukutani.

Nasirumbi aliporudi kituoni, Wakiuru alikuwa akingoja gari la kumpeleka rumande ya wanawake. Alisimama karibu na vyuma vya selo Nasirumbi alipopita.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Alisema aje?"

"Aliuliza ni tangu lini."

Wakiuru alilitafakari jibu hilo. Nasirumbi alidhani ataona majuto usoni mwake, na huenda yalikuwepo, lakini hayakuwa peke yake.

"Na chakula ya hospitali, anakula?"

"Ameacha. Anasema ni kama kutafuna karatasi."

"Mwambie aongeze chumvi," Wakiuru alisema. "Haisaidii, lakini huwa tunaongeza."